Tezi dume inakusumbua miezi sasa? Omba kipimo cha vikopo viwili kabla hujameza dawa nyingine

Wanaume wengi wenye maumivu ya kinena au yale ya kati ya korodani na njia ya haja kubwa, mkojo unachoma, kumwaga kunauma, wakienda zahanati wanakojoa kwenye kikopo kimoja, stripu (kikaratasi cha kupimia mkojo) inachovywa, wanaambiwa ni UTI sugu wanapewa antibayotiki ya sipro. Wiki chache mbele yanarudi yale yale. Jamani, mkojo wa kikopo kimoja unaweza kutoka msafi kabisa wakati bakteria wamejificha ndani ya tezi, kwahiyo kama shida imefika miezi mitatu muone daktari wa mfumo wa mkojo na uombe vikopo viwili, mkojo wa kabla na wa baada ya tezi kuminywa.

Kabla ya siku hiyo usimeze antibayotiki bila kumwambia daktari, maana dawa inaficha bakteria na majibu yanatoka safi kwa uongo. Kaa siku mbili tatu bila kumwaga. Nenda mkojo umekubana kiasi. Kama siku hiyo una homa kali na unatetemeka, tezi isiminywe kabisa, bakteria wanaweza kuingia kwenye damu, hiyo ni ya kuwahi hospitali.

Kipimo chenyewe kiko hivi: vuta govi nyuma kama lipo, safisha kichwa cha uume kwa maji, mkojo wa kwanza uache uende, wa katikati ukinge kwenye kikopo cha kwanza halafu ujizuie, usimalize wote! Daktari anavaa glavu na mafuta, anaingiza kidole kwa nyuma anaminya tezi taratibu kutoka pembeni kuja katikati, inakera lakini haichukui muda. Hapo hapo unakojoa tena na yale matone ya mwanzo kabisa, kama mililita 10, ndio yanaenda kikopo cha pili. Hakikisha vimeandikwa KABLA na BAADA, vikichanganywa kipimo kimekufa. Vyote viwili viangaliwe kwa hadubini na vioteshwe, kuotesha ni siku mbili hivi au zaidi.

Kusoma majibu: bakteria wakiwa mara 10 au zaidi kwenye BAADA kuliko KABLA, maambukizi yapo kwenye tezi, na mara nyingi ni bakteria anayeitwa E. coli. Chembe za usaha zimejaa ila hakuna kilichoota, au vyote safi na maumivu bado yapo, hiyo pia ni hali halisi inayotibika kwa njia nyingine, na ndio kundi kubwa la wagonjwa, usikubali kuambiwa ni mawazo yako tu.

Omba pia kupimwa kisonono na klamidia, hizi zina kipimo chake. Kama umekulia kanda ya ziwa ukioga mtoni, pima kichocho, mkojo wake uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. TB haioti kwenye uoteshaji wa kawaida, inaombwa peke yake. Damu ya PSA (kipimo cha protini ya tezi dume) itolewe kabla ya kuminywa, na ikipanda usikimbilie kuwaza kansa, tezi kuvimba kwa ugonjwa huu nako kunaipandisha, inarudiwa wiki 6 mpaka 8 baada ya tiba.

Bakteria akiota, dai karatasi ya dawa zinazomuua, ila dawa ichague daktari, maana antibayotiki kama nitrofurantoini inaweza kuandikwa hapo kwamba inafaa na bado haiingii vya kutosha kwenye tezi.