Kadi adimu ikifika Lamu: itunze kabla hujaitia bei

Ndugu zangu wa chama chetu cha wakusanya kadi, mtu akipata kadi nzuri ya mchezo wa Pokémon au ya mwanasoka, swali lake la kwanza huwa "nitapata ngapi?" Huku kwetu tuanze na hewa ya bahari. Mwaka jana niliacha kadi yangu ya kumeta kwenye mtoto wa meza karibu na dirisha. Masika yalipokwisha niliikuta imejikunja kama kijaluba, pembe zote nne zimeinuka upande wa picha. Karatasi hunywa unyevu ikatanuka, lakini tabaka la kumeta halitanuki, basi kadi hupinda.

1. Nawa mikono, ikauke kabisa. Shika kadi kwa kingo tu. Itie kwenye kifuko chembamba cha plastiki, halafu kwenye kasha gumu la saizi yake. Kadi nyingi za siku hizi ni milimita 63 kwa 88.

2. Tafuta boksi lenye mpira mdomoni, utie vipakiti vya kukausha unyevu kama vile vya kwenye maboksi ya viatu, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 45 hadi 55. Vipakiti vikishiba havifai tena, vibadilishe.

3. Hakikisha si feki. Tazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi: kwenye kadi nyingi halali, picha ni vidoto vya rangi lakini maandishi meusi yamejaa, kingo zake kali. Ukiona herufi nazo zimeundwa kwa vidoto vya rangi, shuku.

4. Kagua hali chini ya taa, ukiigeuza polepole: pembe, kingo, mikwaruzo, na kama pambizo za pande zote zinalingana. Kampuni za kukagua kadi kama PSA huipima hali hiyo kwa daraja la 1 hadi 10, 10 ndilo bora. Tofauti ya 9 na 10 ni ndogo machoni, lakini mfukoni yaweza kuwa kubwa mno.

5. Bei: fuata zilizouzwa. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chagua orodha ya vilivyokwisha kuuzwa, ulinganishe mwaka, toleo, rangi, namba na daraja lile lile.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Shela: Mwalimu, iliyojikunja naweza kuipiga pasi?
Hapana, mwanangu! Joto litaharibu uso wake. Iweke kwenye boksi lile la hatua ya pili siku kadhaa bila kuigandamiza. Yangu ilinyooka, ila pembe moja ilibaki na alama nyeupe.

Mwanachama wa Malindi: Kadi yangu ya mwanasoka imeandikwa 07/25. Si ndiyo adimu?
Ni nakala ya saba kati ya 25, kaka, kwa hiyo ni adimu kweli. Lakini mchezaji asiyetafutwa na watu hata nakala zake 25 hukosa wanunuzi. Tazama kwanza nani anazitaka.

Mwanachama wa Mkomani: Na iliyo moja tu duniani hupimwaje?
Dada, hiyo haina ya kuilinganisha nayo. Mwaka 2023 mchezo wa kadi wa Magic ulitoa kadi moja tu ya The One Ring yenye namba 1/1. PSA iliipa daraja la 9, na mwanamuziki Post Malone akainunua kwa dola milioni 2. Bei hiyo ilitokana na mapatano yake na aliyeiuza. Ukipata ya namna hiyo usikubali ofa ya kwanza. Subiri angalau wanunuzi wawili washindane.