Kusoma mashairi ya watawa wa kwanza wa Kibudha bila kupotezwa na tafsiri

Therigatha ni mkusanyo wa mashairi 73 ya watawa wa kike wa India ya kale, kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha. Yamepangwa kwa idadi ya beti, si kwa wakati: ya ubeti mmoja yametangulia, la Sumedha, refu kuliko yote, liko mwisho. Kwa hiyo usilazimike kufuata mpangilio huo.

Weka tafsiri mbili za Kiingereza ubavuni kwa ubavu: ya K. R. Norman (1971), inayofuata maneno kwa karibu, na ya Charles Hallisey (2015), inayosomeka kishairi. Kitabu cha Matty Weingast cha 2020 si tafsiri, bali ni mashairi yake mwenyewe. Ukinukuu humo, utamsingizia mtawa maneno asiyoyasema.

Anza na ubeti wa 11, wa Mutta. Amewekwa huru na vitu vitatu vilivyopinda: kinu, mchi na mume mwenye kibiongo. Chukua penseli, upigie mstari kila neno la uhuru. Kwenye Kipali mzizi huo unarudi mara nne, nao ndio jina lake. Mfasiri akibadilisha neno kila mara, mwangwi huo mtamu unapotea.

Kwa nini kinu kiitwe kilichopinda? Ufafanuzi wa kale wa mashairi haya, ulioandikwa na Dhammapala, unajibu: anayetwanga hulazimika kuinamisha mgongo. Aliyewahi kutwanga anaelewa papo hapo.

Wanaonukuu huishia kwa mume. Soma mstari wa mwisho pia: hapo Mutta anasema amewekwa huru na kuzaliwa na kufa.