Namna ya kuandika historia ya kambi ya askari: mfano wa Saio, Bukavu

Anza na jina. Kambi ya Saio iko Bukavu, mashariki ya Kongo, lakini jina lake limetoka mbali: Saio ni mji wa Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembi Dolo. Huko, tarehe 3 Julai 1941, jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri mbele ya jenerali Gilliaert wa Force Publique, jeshi la ukoloni la Kongo ya Wabelgiji, ambalo askari wake walikuwa Wakongo. Kwa hiyo kambi haikuweza kuitwa Saio kabla ya 1941, hata ukikuta ukuta wa zamani zaidi. Umri wa jina uandike mbali na umri wa majengo. Wengi huvichanganya, na kuanzia hapo tarehe zote zinapinda.

Kwenye hati za Wabelgiji za miaka ya 1930 na 1940, tafuta Costermansville, jina la zamani la Bukavu. Ukitafuta Bukavu peke yake utakosa mengi. Karatasi haina tarehe? Soma muhuri, maana jeshi la nchi lilibadilishwa jina mara nyingi. Force Publique inaishia 1960, ANC inaifuata, FAZ haipatikani kabla ya 1971, FAC inakuja 1997, FARDC mwaka 2003.

Kwa watu, usiharakishe. Usiishie kwa wazee waliovaa sare. Nenda kwa wajane wao na watoto waliokulia kambini, maana mama aliyebaki nyumbani ndiye anayejua nani alikaa nyumba ipi, maji yalichotwa wapi, posho iligawanywa siku gani. Uwe na mtu anayesikia vizuri Lingala: ndiyo lugha ya jeshi tangu ukoloni, na amri, vyeo na utani wa kambini vitatoka kwa Lingala hata mahojiano yakianza kwa Kiswahili.

Swali la "mwaka gani?" halizai kitu. Uliza: ilikuwa mbele ya Schramme, yule Mbelgiji, na mamluki wake kuushika mji wa Bukavu, 1967, ao nyuma? Nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaïre, 1971? Kila habari ipate mashahidi wawili wa nyumba mbalimbali, kwani familia moja husimuliana mpaka wote wakumbuke jambo lilelile.

Kamera iache nyumbani mpaka upate ruhusa ya maandishi. Badala yake mpe shahidi penseli na karatasi kubwa, achore kambi ya utoto wake: mlango, safu za nyumba, kisima, shule. Ghala la silaha na malindo ya leo visiingie kwenye mchoro.