Waridi Jeupe Halibadiliki Rangi, Umezika Maungio

“Bwana shamba, waridi langu jeupe limegeuka.” Kila mwaka masika yakiisha, mwezi wa sita au wa saba, ndilo lalamiko ninaloletewa na wenye bustani za nyumbani huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, Arusha, kuanzia Tengeru hadi Ngaramtoni. Mtu amenunua mche kwa bei ya kuuma, ameutunza mwaka mzima, ua la kwanza lilitoka jeupe pe na harufu yake ikafika barazani. Sasa anaona vimaua vidogo vilivyobanana kwenye shada, havina harufu ya maana. Lawama zote zinakwenda kwa muuza miche. Mimi nikifika na kuinama penye shina, karibu mara zote nakuta mwenye bustani amezika maungio, pale mche ulipounganishwa, kwa mkono wake mwenyewe.

Habari za shimo, samadi na jua la asubuhi sizigusi. Hayo mnayajua, na wengine mnayajua kunishinda.

Mwaridi chotara wa ua moja kubwa juu ya bua refu, ule ambao wauza miche huuita haibridi tii, mara nyingi huuzwa ukiwa wa kubebesha. Hapo umenunua miti miwili katika mfuko mmoja. Chini kuna shina lenye mizizi ya nguvu; mashamba mengi ya maua ya Afrika Mashariki hutumia lile liitwalo Natal Briar. Juu ndipo lilipopachikwa jicho, yaani chipukizi lililolala, la waridi jeupe. Pale walipokutana pana kinundu, kama kifundo cha mguu wa mtoto. Hicho kinundu ndicho maungio, na ndicho unachotakiwa kukiona kwa macho yako siku zote za uhai wa mche huo.

Shina la chini halikuchaguliwa kwa sura ya maua yake, lilichaguliwa kwa mizizi na kwa ukaidi. Likipata nafasi hutoa maotea, yaani machipukizi yake lenyewe kutoka chini ya maungio, na maotea hayo hukua haraka kuliko matawi ya waridi lenyewe. Hunywa maji kwanza na kula samadi kwanza. Waridi jeupe hudhoofika kimya kimya, tawi moja hukauka, la pili hukauka, na mwaka ukigeuka kilichobaki ni shina la chini peke yake linachanua maua yake ya asili. Basi ua halikugeuka. Jeupe lilikufa, nawe ukaendelea kumwagilia lile lililoliua.

Kwa nini watu wazika maungio? Wengi ni mkono uliozoea mahindi na viazi mviringo: mtu akipalilia lazima ainulie udongo kwenye shina, asipofanya hivyo haoni kama amefanya kazi. Wengine wametazama video za Ulaya, wakaona mtaalamu anafukia maungio 5 cm chini ya udongo, nao wakafukia. Yule anaogopa barafu ya Januari. Wewe hapa Usa River unaogopa barafu gani? Udongo wetu wa masika unashika maji, na kinundu kikikaa kwenye matope gome lake huoza. Tena kikishafunikwa huwezi kujua chipukizi limetoka juu yake au chini yake, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kipimo chenyewe ni hiki, na naomba msikadirie kwa jicho. Siku ya kupanda laza ufito juu ya shimo, kutoka ukingo hadi ukingo. Maungio yawe 7 cm juu ya ufito huo. Udongo uliochimbwa hushuka ukishanyeshewa, na mche hushuka nao. Baada ya wiki chache utabaki na kama 5 cm, yaani vidole vitatu vilivyolazwa, na hicho ndicho unachokitaka. Ukianza na 3 cm, mwezi wa tano maungio yako yatakuwa shimoni. Kama nailoni ya kubebeshea bado imefungwa na jicho limeshachipua vizuri, ikate kwa wembe kabla hujapanda, la sivyo itakaba shina linapononoka.

Samadi na majani ya kufunikia udongo yaishie 10 cm kutoka kwenye shina, pande zote. Kila miezi mitatu, na mara moja zaidi mvua kubwa zikiisha, sogeza udongo kwa vidole mpaka uone kinundu. Nasema vidole. Jembe likikwaruza mzizi wa shina la chini, pale penye jeraha ndipo otea litakapotokea. Ndani ya 30 cm kutoka kwenye shina ng’oa magugu kwa mkono. Nimewahi kuona mwaridi uliozungukwa na maotea manane, na kila moja lilianzia kwenye alama ya jembe. Mwenye bustani alikuwa anajisifia kwamba hapaliliwi na mtu, anapalilia mwenyewe.

Sasa otea limeshatoka. Kosa la pili, ambalo ni mtoto wa lile la kwanza, ni kulikata kwa mkasi usawa wa ardhi. Ukilikata hivyo umelipogolea, hujaliondoa. Kitako chake kilichobaki ardhini kina macho yaliyolala, na baada ya wiki mbili au tatu utaona mawili au matatu pale palipokuwa na moja. Nimelisema hili kwenye mikutano ya vikundi mpaka sauti imekauka, na bado nikipita naona visiki vimekatwa vizuri kama vya kahawa.

Otea halikatwi, linachanwa. Mwagilia jioni ili udongo ulainike, kesho yake asubuhi fukua kwa vidole ukilifuata otea mpaka pale linapojishikiza kwenye shina au mzizi. Lishike karibu kabisa na kitako, liminye kwa kidole gumba kuelekea chini na nje, kisha livute kwa nguvu moja. Likitoka sawasawa litakuja na kisigino, kipande kidogo cha gome cheupe chenye umbo la ulimi. Kisigino kisipotoka, macho yamebaki, rudi tena. Fanya hivi otea likiwa na urefu wa 10 hadi 15 cm, bado ni laini. Ukiliacha linenepe kuliko penseli litakataa kuchanika, utalazimika kutumia kisu kikali na kuondoa pamoja na ganda la shina. Acha jeraha lipigwe na hewa siku moja, kisha rudisha udongo, lakini usifike kwenye maungio. Kagua tena baada ya siku 14. Vaa glovu, miiba haina huruma.

Kuna waliosikia nusu ya ushauri wangu wakaenda kuchana kila kitu. Chipukizi nene, jekundu, linalotoka kwenye kinundu chenyewe au juu yake ni mtaji: hilo ndilo tawi jipya la waridi jeupe, litakalobeba maua baada ya matawi ya zamani kuchoka. Mama mmoja alichana matatu ya namna hiyo siku moja, akaniletea mkononi kwa furaha. Sikujua nianzie wapi. Na msiamini ile kanuni ya kuhesabu vijani vilivyo kwenye jani moja, kwamba vitano ni waridi na saba ni otea. Yako mawaridi bora yenye vijani saba. Angalia limeanzia wapi, basi. Kama mche wako ulitokana na kipandikizi, hauna maungio na kila chipukizi ni waridi lenyewe, hayo yote hayakuhusu. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Wala msiniite kwa kila doa. Petali nyeupe zikitokea na vidoadoa vya rangi ya pinki wakati wa mvua, huo ni ukungu wa kijivu; kata maua hayo, yatoe bustanini, na maji yaende ardhini badala ya kumwagwa juu ya maua. Na baridi ya Julai huweza kuzipaka petali za nje rangi kidogo ya pinki au kijani hafifu. Mche ni ule ule.

Kuhusu harufu, anayetaka kununua asidanganywe na weupe. Aina iitwayo Tineke, kwa mfano, ni waridi jeupe na linakaa sana kwenye chombo, lakini pua haipati kitu. Lilizalishwa kwa ajili ya maua ya kukata. Aina nyingine, Pope John Paul II, lililotoka Marekani, lina harufu kali yenye uchachu wa limau. Unapokata ua la kuweka ndani, kata asubuhi, 5 mm juu ya jicho linalotazama nje, na uache angalau majani mawili kamili chini ya mkato. Mche ulio sawa utaujua: kinundu kinaonekana na machipukizi yote yanatoka juu yake.

Aliyekwisha chelewa aangalie hivi. Kama bado lipo tawi hata moja la waridi jeupe, hata likiwa jembamba kama njiti ya kiberiti, chana maotea yote siku hiyo hiyo, fichua maungio, na usitie mbolea ya chumvichumvi mpaka tawi hilo litoe majani mapya. Kama matawi yote yanaanzia chini ya kinundu na kinundu kimekuwa cheusi na kikavu, usipoteze samadi, ng’oa. Mche mpya usiurudishe kwenye shimo lile lile: udongo uliochoshwa na mwaridi hudumaza mwaridi unaofuata. Sogea pembeni, au toa udongo wa 45 cm kwenda chini na 45 cm kwa upana, upeleke kwenye mboga, na ujaze kwa udongo uliotoka mahali pasipowahi kupandwa mawaridi. Halafu chukua ufito.