SOMO: Sauti haikaukii jukwaani

Jumamosi kwenye ile harusi ya Mbezi, wanakwaya wetu wawili wa sauti ya kwanza walishuka kwenye koasta sauti zimekauka. Hawakuwa wameimba hata ubeti. Walikuwa wamepiga soga kutoka Mbagala, spika ikiunguruma juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo wiki hii somo kwanza, nyimbo baadaye.

1. Maji, tangu asubuhi. Maji unayokunywa hayagusi nyuzi za sauti, zile zinazotetema kooni ukiimba. Yakipita huko unapaliwa. Huzifikia baada ya kuzunguka mwilini. Ile chupa unayogugumia ukisubiri kupanda jukwaani inalowesha mdomo tu. Na kwa joto letu ndani ya yale majoho, jasho linayatoa upesi.

2. Pasha sauti kwa mrija. Hii msiifanyie mzaha. Chukua chupa ya maji iliyobaki nusu, zamisha mrija vidole viwili. Bana midomo, piga "uuu" ndani ya mrija mpaka maji yatokote kama maharage jikoni. Anzia kwenye sauti yako ya kuongelea, panda polepole kama king'ora, kisha shuka. Weka vidole shingoni: ikikaza, umelazimisha, rudi chini. Dakika tano zinatosha. Ukiimba noti ile ya kutunia vyombo, ya 440, nyuzi zako zinakutana mara 440 kila sekunde. Mrija unarudisha msukumo kidogo kutoka juu, zikutane kwa upole badala ya kugongana.

3. Nyamaza safarini. Mkiwa kwenye kelele tumeni meseji. Kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha, na kujikohoza kila dakika ni kuzipiga nyuzi makofi. Meza mate.

4. Chipsi mayai za saa sita usiku. Ukila ukalala papo hapo, asidi ya tumbo inapanda kooni. Acha saa mbili, tatu zipite. Sigara na shisha sitaki hata kuzieleza.

Maswali

*Sauti ya pili:* Mwalimu shikamoo. Bibi anasema ninywe yai bichi na asali.

Marahaba. Yai linapita njia ya chakula, nyuzi halizioni, na likiwa bichi laweza kukuharibu tumbo. Kaanga. Asali na tangawizi vinatuliza koo, ila havitibu. Bibi msalimie.

*Besi:* Nina mafua, koo linauma, na Jumapili ni ibada mbili. Nimeze aspirini niimbe?

Hapana. Aspirini inazuia damu isigande vizuri, na kwenye nyuzi zilizovimba kimshipa kikipasuka umekwisha msimu. Jifukize mvuke wa maji ya moto, uso usiusogeze karibu sana. Imba ibada ya kwanza kwa wepesi. Ya pili fungua mdomo tu, mimi nitajifanya sioni.

*Sauti ya kwanza:* Mimi nafundisha shule ya msingi. Sauti inakwaruza tangu mwezi uliopita, ila haiumi.

Kutouma kusikufariji. Mkwaruzo ukipita wiki tatu, nne, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo. Atapitisha kamera ndogo azione nyuzi. Huenda ni vinundu, yaani viuvimbe vidogo kwenye nyuzi, na vingi hupungua kwa kubadili namna ya kutumia sauti, bila kisu. Darasani piga makofi, usipige kelele.

*Sauti ya kwanza:* Na mazoezi ya Alhamisi, mwalimu?

Njoo. Utashika daftari la mahudhurio.