Namna ya Kutambua Mgongano wa Maslahi katika Tafiti za Zana Zinazotetema

Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachongaji wa mawe ya chokaa wa Bedford, Indiana, nchini Marekani, waliokuwa wakitumia nyundo za hewa, akakuta kwamba wengi wao vidole vyao hugeuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Watafiti waliporudi huko mwaka 1978 waliukuta ugonjwa uleule ungali umeenea. Miaka 60 ilikuwa imepita tangu madhara hayo ya zana zinazotetema yaonyeshwe, na hilo linatosha kumfanya msomaji wa tafiti hizi awe makini.

Anza na tamko la maslahi, ambalo kwa kawaida huwekwa mwishoni mwa makala, lakini usiishie kwa mfadhili: tazama mwandishi ameajiriwa na nani, zana zilizopimwa zilitolewa na nani, na kama amewahi kulipwa kutoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi za fidia. Fedha ya kiwanda peke yake haithibitishi udanganyifu, kwa kuwa watengenezaji ndio wenye mashine na maabara. Inakupa tu sababu ya kusoma sehemu ya mbinu kwa uangalifu zaidi.

Hapo kwenye mbinu ndipo pa kukaa muda mrefu, maana maslahi hujificha zaidi katika namna ya kupima kuliko katika hesabu za uongo. Sheria ya Ulaya humtaka mtengenezaji aandike kiwango cha mtetemo katika kitabu cha maelekezo, nacho hupatikana kwa jaribio la maabara. Majaribio mengi ya zamani yalipima mwelekeo mmoja tu, ilhali ISO 5349 ya mwaka 2001, kanuni ya kimataifa ya kupima mtetemo unaoingia mikononi, inataka mielekeo yote mitatu. Tofauti hiyo si ndogo. Zana iliyotangazwa kuwa na mita 5 kwa sekunde mraba hufikia kiwango cha tahadhari cha Ulaya, yaani 2.5 kwa siku ya saa 8, baada ya saa 2 za matumizi. Ikiwa kazini inatetema kwa 10, kiwango hicho hufikiwa kwa dakika 30. Basi uliza kama kipimo kilichukuliwa kwa zana mpya maabarani au kwa zana iliyochakaa, mikononi mwa fundi anayetoboa mwamba.

Kisha uliza ni nani waliohesabiwa. Utafiti unaowapima walio kazini siku hiyo tu huwaacha nje walioacha kazi kwa sababu ya vidole vyao, na matokeo yake huonyesha afya njema isiyokuwapo.

Kwa glavu za kuzuia mtetemo, angalia masafa yaliyojaribiwa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde: hupunguza mtetemo wa masafa ya juu, lakini kwa ule wa chini, kama wa nyundo za kuvunjia zege, msaada wake ni mdogo sana.

Ukibaki na shaka, waandikie waandishi uombe vipimo ghafi, na uvilinganishe na vilivyochukuliwa kazini na taasisi za umma za usalama na afya kazini kama NIOSH ya Marekani au HSE ya Uingereza.