Jinsi ya kutengeneza mboji: walishe waozeshaji, kazi watapiga wenyewe

Wengi wanarundika taka kona ya bustani halafu wanalalamika zinanuka na haziozi. Jamani, mboji huitengenezi wewe, wanaotengeneza ni bakteria na fangasi, wewe ni mfugaji tu, kazi yako ni kuwapa msosi, maji na hewa basi.

Hatua ya 1: Weka lundo kivulini juu ya udongo, sio simenti, ili minyoo na jongoo wapande wenyewe. Liwe kama mita 1 kila upande, likiwa dogo halishiki joto.

Hatua ya 2: Chini vijiti, halafu panga tabaka za makavu (majani yaliyokauka, mabua, maranda) na mabichi (majani mabichi, maganda ya matunda, samadi), makavu yawe mara mbili au tatu ya mabichi kwa ujazo. Makavu yana kaboni, hiyo ndo nguvu ya bakteria na fangasi, mabichi yana naitrojeni ya kujenga miili yao, kwahiyo ukiweka makavu matupu miezi inapita lundo liko vilevile, na ukizidisha mabichi utasikia harufu kali ya amonia, hapo ujue naitrojeni yako inapotelea hewani hivyo. Nyama na mafuta usiweke, labda kama unataka panya.

Hatua ya 3: Maji. Chota konzi moja uikamue, litoke tone moja au mawili. Yakichuruzika ongeza makavu.

Hatua ya 4: Baada ya siku chache chomeka fimbo katikati, iache kidogo, ichomoe uishike. Ikiwa ya moto basi bakteria wapenda joto wameingia kazini, lundo zuri linafika nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi na likikaa hapo siku kadhaa mbegu nyingi za magugu zinakufa. Likipita 70 bakteria wenyewe nao wanaanza kufa, geuza fasta.

Hatua ya 5: Geuza kila wiki, ya nje yaingie ndani. Likinuka mayai viza hewa hamna, geuza tena. Ukikuta kitu cheupe cheupe kama majivu usikitupe! Mara nyingi hao ni aktinomaiseti, bakteria wanaoota kama nyuzi, na ile harufu ya udongo ulionyeshewa ni yao. Lignini, yaani kile kinachofanya mti uwe mgumu, bakteria wengi hawaiwezi, hiyo waachie fangasi, ila wao ni wa polepole. Joto likishuka ndo minyoo na jongoo wanakuja kutafuna.

Hatua ya 6: Imeiva ikiwa nyeusi na ukiigeuza haipati moto tena. Iache itulie wiki chache kabla ya kuwapa miche. Vijiti vilivyobaki chekecha uvitupie lundo jipya, vimeshajaa fangasi tayari.